Wakili Yuko Ng'ambo ya Barabara

Barabara yenyewe si pana. Mtu mwenye miguu yake huivuka kwa hatua ishirini na mbili. Doña Altagracia, kwa ajili ya magoti, huivuka kwa hatua arobaini na matusi mawili. Lakini wakubwa wa jiji walipopitisha ile sheria ya kumpa mpangaji wakili wa bure mahakamani, walisema haiwezi kuanza kila mahali kwa mpigo. Ianze kwa mitaa ya namba chache za posta, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka jiji zima lipate. Upande wa Altagracia ukaingia mwaka wa kwanza. Upande wa pili, alikokaa Verdell Pinckney, ukaambiwa usubiri. Ati usubiri! Kana kwamba wenye majengo nao waliambiwa wasubiri.

Verdell alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mrefu, mchache wa maneno, kazi yake kuwahudumia wazee majumbani mwao. Alirudi kwenye ile nyumba ya ghorofa ya tatu, Bronx, kumuuguza mama yake, Mama Luella. Alimuuguza miezi kumi na minne, akamzika. Mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la mama tangu zamani, na kodi yake ilikuwa ya zile ambazo sheria hairuhusu zipandishwe ovyo. Maua ya kaburini hayajanyauka, barua ikaja: kampuni iliyonunua jengo inaitaka nyumba yake. Aliyekuwa na haki amekufa, na aliyebaki afike mahakama ya nyumba tarehe kumi na tisa.

Kwa nafsi yake Verdell hakuogopa sana. Angelala kwenye kochi la mtu, angefanya zamu mbili, angeishi. Aliogopa kwa ajili ya Cleophus.

Cleophus ni kaka yake mkubwa, miaka sitini na mitatu, kipofu wa kuzaliwa. Miaka arobaini ameishi ndani ya vyumba vile. Nje ya mlango alikuwa mtu wa kushikwa mkono. Ndani alikaanga samaki mwenyewe, akapiga pasi mashati yake mwenyewe, akamkaripia dada yake kwa kusogeza kiti. Wala serikali haikujua kama anaishi pale. Hilo lilikuwa la makusudi, na lilikuwa kazi ya Mama Luella.

Cleophus alipokuwa na miaka tisa, mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa watoto alikuja na faili chini ya kwapa, akauliza maswali matamu, akaandika, akanywa na chai. Wiki iliyofuata wakamchukua mtoto. Alikaa miaka miwili kwenye nyumba ya watoto huko kaskazini, akarudi amekonda, na kovu la moto mkononi ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Tangu siku ile Mama Luella akaweka amri moja nyumbani kwake: mtu mwenye faili akibisha hodi, Cleophus hayupo. Karatasi zake zote ziliandikiwa anwani ya shangazi yao wa Yonkers, mji wa jirani, na ziliendelea kwenda huko hata shangazi alipokufa na nyumba yake ikauzwa. Mlango ukigongwa, Cleophus aliingia chumbani kwa mama akaketi nyuma ya kabati. Mtu mzima, jamani, mwenye mvi, anaketi nyuma ya kabati.

"Nenda, shoga, usitetemeke," Altagracia alimwambia Verdell siku ya kuamkia kesi. "Pale kuna meza. Wanakupa wakili bure, mzima mzima, na viatu vinang'aa. Wangu mimi alimbana wakili wa mwenye nyumba mpaka akaomba maji."

"Bure kweli?"

"Bure! Nilimpelekea sambusa za nyama, akakataa, ati kanuni. Nikamwambia kanuni zako kazile kwenu, hizi zile hapa. Akazila sita."

Asubuhi Verdell alipokuwa anafunga vifungo vya koti, Cleophus alisimama mlango wa jikoni na taulo begani.

"Utawaambia juu yangu?"

"Mama alisemaje?"

"Mama amekufa, Verdie."

"Amekufa. Hajabadili maneno."

Cleophus akatikisa kichwa, akarudi kwenye sahani zake.

Meza ilikuwepo kweli, mwisho wa korido, na nyuma yake alikaa wakili kijana, Marisol, macho mekundu kwa uchovu. Verdell alipanga foleni dakika arobaini.

"Namba yako ya posta, mama?"

Akaitaja. Marisol akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia tena toka juu, kama anayetumaini amekosea.

"Yako bado, mama. Inaingia mwakani, pengine mwaka ule mwingine."

"Jirani yangu amepewa. Yuko ng'ambo tu ya barabara. Namwona dirishani akipika."

"Najua. Naona haya hata kukwambia. Chukua karatasi hii, ina namba ya simu ya ofisi."

Swali la kwanza kwenye fomu ya Marisol lilikuwa namba ya posta. La pili lilikuwa: ni nani wanaishi nyumbani humo, na tangu lini? Swali la pili halikufikiwa. Verdell akaikunja ile karatasi, akaitia mkobani, akampisha mtu wa nyuma.

Korido ya mahakama ile ina desturi zake. Mawakili wa wenye nyumba hupita wakinadi majina kama watu wa mnadani, na mpangaji anayeitwa husogea dirishani, wakamalizana hapo hapo wamesimama. Hakimu huletewa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Kesi kumi zikiingia asubuhi, tisa huishia koridoni.

"Pinckney! Pinckney yupo?"

Alikuwa mzee mwenye mvi, Bwana Haldane, amekumbatia mafaili kama ishirini. Nisimsingizie: alikuwa na adabu.

"Pole kwa msiba, Bi Pinckney. Nikwambie mapema, mimi ni wakili wa mwenye jengo, si wako. Ulihamia lini kwa mama?"

"Miezi kumi na minne kabla hajafariki."

"Unaona, sheria inataka miaka miwili ndipo ndugu arithi mkataba. Sasa mimi sipendi kumfukuza mtu aliyefiwa. Nakupa miezi sita ya kuhama, bila kelele, bila fujo. Ukingoja hakimu aamue, anaweza kukupa mwezi mmoja." Akafungua faili. "Kuna mtu mwingine anaishi humo ndani?"

Verdell aliona faili lile limefunguka, na kalamu imeshuka juu yake.

"Hakuna. Ni mimi tu."

Akatia saini makubaliano. Wakaingia kwa hakimu, mama mmoja mwenye sauti iliyokauka, aliyekwisha kusikiliza watu thelathini tangu asubuhi. Hakimu akamuuliza kama amesoma, kama ameelewa, kama kuna aliyemlazimisha. Verdell akajibu kama walivyofunzwa na mama yao, mzaliwa wa South Carolina ya enzi zile za ubaguzi: mbele ya joho la hakimu jibu kwa ufupi, kwa heshima, utoke ukiwa hai.

"Je, yuko mtu mwingine nyumbani humo anayeweza kudai haki yake?"

"Hapana, mheshimiwa."

Mashine ikarekodi. Dakika tatu hazikutimia.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Sawa, nimesikia. Lakini basi mwambieni avue mbele ya nani! Mbele ya Haldane? Aliyestahili kuambiwa alikuwa ameketi mwisho wa korido na orodha ya namba za posta, naye hakuruhusiwa kusikia.

Nyumbani alirudi na furaha, maskini. Akapika wali mwekundu na soseji, akatoa kwenye friza pai ya viazi vitamu iliyobaki matangani. "Miezi sita, kaka! Nilidhani watanipa wiki. Nitatafuta mahali pazuri, tutahama wote." Cleophus alikula, kisha akauliza kama mahali hapo pazuri patakuwa na jiko la gesi au la umeme, maana la umeme halijui. Verdell akasema la gesi, hapana shaka.

Alitafuta. Kwa mshahara wake, kila chumba alichokiona kilikuwa kwa wenye mishahara miwili. Miezi minne ikapita hivyo.

Mwezi wa tano wa ile miezi sita joto likapamba moto na umeme wa jengo ukakatika. Ndani hapakukalika. Verdell akamshika kaka yake mkono, wakavuka barabara kuketi kwenye ngazi za Altagracia, penye kivuli. Na nani yuko pale anakunywa maji ya ukwaju? Marisol, kaja na karatasi za kesi ya Altagracia.

"Mama wa korido!" akasema Marisol. "Nakukumbuka. Na huyu baba?"

"Binamu yangu," Verdell akawahi.

"Kaka yake," akasema Cleophus. "Nimechoka kuwa binamu."

"Cleophus!"

"Nimechoka, Verdie. Joto lote hili, bado niwe binamu?"

Altagracia akacheka. Marisol hakucheka. "Unaishi wapi, baba?"

"Pale juu. Ghorofa ya tatu."

"Tangu lini?"

"Miaka arobaini. Nilihamia na mama nikiwa na nywele nyeusi, wanavyoniambia."

Marisol akaweka glasi chini polepole. Akauliza umri. Akauliza macho. Hayakupita maswali matano, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bi Verdell, miaka miwili ni kwa watu kama wewe. Mzee, au mlemavu, sheria inamtaka mwaka mmoja tu. Yeye ana arobaini. Nyumba ile ilikuwa yake siku ile ile mama yenu alipofumba macho. Hakuna aliyekuuliza nani anaishi nawe?"

Verdell alitazama dirisha la ghorofa ya tatu, ng'ambo ya barabara.

"Waliniuliza," akasema. "Waliniuliza mara mbili."

Akalia pale pale kwenye ngazi, watu wanapita. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia vile, na jirani zake hawakuwahi. Cleophus akampapasa mpaka akapata bega, akalishika.

Marisol hakuruhusiwa kusimama naye mahakamani. Ofisi yake ililipwa kwa namba za posta, na namba ni namba. Lakini saa yake ya chakula ilikuwa yake. Alikaa kwenye benchi la bustani akamwandikia Verdell maombi ya kufungua kesi upya, akaambatanisha barua ya Altagracia ya kushuhudia kwamba Cleophus anaishi pale. "Hii ni ya kuomba tu," alisema. "Wakikubali, wakupe siku nyingine ya kuleta mashahidi." Hilo Verdell alilielewa hivyo hivyo: leo kuomba, siku nyingine mashahidi. Basi akamwacha Altagracia nyumbani na magoti yake, akaenda na kaka yake aliyevaa shati la bluu alilolipiga pasi mwenyewe.

Haldane alikuwa tayari. Akasema hakuna haja ya siku nyingine, mhusika yuko hapa, asikilizwe leo.

"Bi Pinckney," hakimu akauliza, "uko tayari kuendelea sasa hivi?"

Alipaswa kusema hapana. Neno moja hilo! Wakili wa mwaka wa kwanza, hata aliye usingizini, angesema hatuko tayari, tunaomba tarehe. Lakini alikuwa mbele ya joho.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alipotoa barua ya Altagracia, Haldane akapinga: barua haiwezi kuulizwa maswali. Hakimu akasema ana haki ya kupinga. Mwandishi wake yuko wapi? Yuko nyumbani, mheshimiwa, anapika. Hakimu akairudisha barua kwa ncha za vidole. Karatasi nyingine yoyote yenye jina la ndugu yako na anwani ile? Hakukuwa na hata moja. Ndipo Cleophus akasimamishwa.

"Bwana Pinckney," akasema Haldane kwa upole, "kitambulisho chako kinasema unaishi Yonkers. Kinasema uongo?"

"Ndiyo, bwana."

"Nani alitoa anwani hiyo?"

"Mama yangu."

"Kwa hiyo mama yako alisema uongo. Na dada yako, mbele ya mheshimiwa huyu huyu, alisema hakuna mtu mwingine ndani. Naye alisema uongo?"

Cleophus akageuza uso upande aliposikia pumzi ya Verdell.

"Dada yangu aliogopa nisichukuliwe."

"Nimeuliza kama alisema uongo."

"Mimi dada yangu simwiti mwongo mbele za watu," akasema Cleophus. "Niulize kitu kingine."

"Nilisema uongo!" Verdell akasimama. "Mimi! Nilidanganya, mheshimiwa, nifungeni mimi, lakini yeye anakaa pale, muulizeni sakafu iko wapi imebonyea, muulizeni..."

"Kaa chini, Bi Pinckney. Kaa chini tafadhali." Hakimu akavua miwani. "Kwani huna wakili?"

"Namba yangu ya posta haijafika, mheshimiwa."

Hakimu akasoma karatasi zile tena, alizisoma kweli, tumpe haki yake. Kisha akasema anaweza hata kuamini anayoambiwa, lakini kuamini kwake si ushahidi. Mbele yake kuna saini, kuna sauti iliyorekodiwa, na kuna kitambulisho cha Yonkers. Maombi yamekataliwa. Haldane alipokusanya mafaili yake hakumtazama mtu usoni.

Altagracia aliposikia, alipiga kelele zilizofika ghorofa ya tano. "Ningetambaa! Mngeniambia, ningetambaa mpaka kwenye kiti cha hakimu!" Alimtukana Haldane, akamtukana hakimu, akamtukana aliyechora ramani ya posta na ukoo wake wote. Kisha akavuka barabara na sufuria ya supu, wakala wote watatu.

Ofisa wa mahakama alifika siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, na fundi wa kubadilisha kitasa. Cleophus aliomba dakika kumi apige pasi shati. Ofisa akasema sawa, na wote wakasimama sebuleni wakimngoja, hata fundi amevua kofia. Majira ya kuchipua yaliyofuata namba ile ya posta iliingizwa kwenye sheria, na watu wa upande ule wakaanza kupewa mawakili. Nyumba ile ilikuwa imekwisha kupakwa rangi na kupangishwa kwa bei mara tatu.

Lakini ile Jumanne walikwenda ofisi ya makazi ya dharura, na masanduku mawili na begi moja. Karani alikuwa mama mnene, mwenye huruma ya kweli usoni.

"Mnaomba chumba kimoja cha pamoja?"

"Pamoja," akasema Verdell. "Ni kaka yangu. Mimi ndiye macho yake."

"Watu wazima wakitaka kuwekwa pamoja lazima tuone wamekuwa wakiishi pamoja, mama. Mna chochote?" Akabonyeza kompyuta, akasoma, akasoma tena. "Hapa kuna kumbukumbu ya mahakama. Inasema ulikuwa ukiishi peke yako."

"Si kweli."

"Ni maneno yako, mama. Yameandikwa."

Verdell akaanza kueleza tangu mwanzo: mama wa faili, nyumba ya kaskazini, kovu. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi macho chini. Wanaweza kukata rufaa, alisema, ndani ya siku kumi, na ni vizuri wapate mtu wa kuwasaidia kuiandika. Kwa leo, wanawake wanalazwa hapa hapa Bronx. Wanaume gari lao liko nje.

Dereva alimshika Cleophus mkono wa juu, akamsukuma mbele kama unavyosukumwa mkokoteni.

"Siyo hivyo!" Verdell akamkimbilia. "Usimsukume. Yeye ndiye akushike wewe, hapa, kwenye kiwiko. Kukiwa na ngazi mwambie, mwambie ngapi. Sahani umwambie nyama iko saa ngapi, kama saa ya ukutani, atakula mwenyewe. Usimsemeshe kwa sauti kubwa, si kiziwi. Na umwonyeshe choo mara moja tu, atakariri."

"Mama, nina wengine saba wananingoja."

"Mara moja tu, nakwambia, atakariri!"

Mlango wa gari ukafungwa, kisha dirisha likashuka kidogo. Cleophus alikuwa amekaa wima, begi mapajani, uso kauelekeza mahali sauti ya Verdell ilikotoka.

"Verdie, wananipeleka wapi?"

Verdell akamtazama dereva. Dereva akasema ataambiwa kwenye redio wakishaingia barabara kuu.

"Sijui, kaka," akasema. "Sijui."